Darasa Linalosubiri Neno

Ijumaa saa saba mchana, watoto wa Gredi ya Pili wakiwa wamekwisha kwenda zao na vumbi la viatu vyao halijatulia, mwalimu mkuu Lusweti alichungulia dirishani mwa darasa la Mwelu akampa habari iliyomkata maini.

"Mwalimu, kesho sitakuwapo. Nimeitwa mkutano wa walimu wakuu na hauna udhuru. Wazazi wako utawapokea mwenyewe. Wape ratiba, waeleze mtaala, wajue mwaka utakwendaje. Ni saa moja tu, itaisha."

Mwelu alitaka kumwambia kwamba hilo haliwezekani. Neno la kwanza lilikuwa "mwalimu", nalo likakwama pale pale yanapokwama maneno yote yanayoanza kwa kufunga midomo. Alipolipata, dirisha lilikuwa tupu.

Mwelu Kivuva alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na kigugumizi alikuwa nacho tangu akiwa na miaka minne. Kilikuwa kigugumizi chenye tabia zake. Akiimba, hakipo. Akiwasomea hadithi watoto sitini na mmoja walioketi mkekani wakimtumbulia macho, maneno yalimtoka kama maji ya bomba siku ambayo mtaa una maji. Lakini mbele ya watu wazima, iwe ofisini au dukani, ulimi uligeuka gogo. Baada ya miaka mingi alikuwa amejifunza hila za kukikwepa. Neno likitisha, alilizunguka akapitia lingine. Hakusema "barabara", alisema "njia". Jina lake tu ndilo halikuwa na njia ya kulizungukia. Mtu akikuuliza jina, huwezi kumtajia la jirani.

Kwa hiyo walikuwa wamekubaliana, yeye na mwalimu mkuu, kwamba Lusweti angewasomea wazazi maelezo, naye Mwelu angesimama kando ya makaratasi ya manila aliyoyaandika kwa kalamu nene na kuonyesha kwa rula. Mpango huo sasa ulikuwa umekufa. Jioni ile, katika chumba chake mtaani Mowlem, alisimama mbele ya kabati akajaribu kusema, "Karibuni wazazi. Mimi ni Mwelu." Mbele ya kabati alisema mara kumi bila kukosea. Kabati halikuwa mtu mzima.

Jumamosi saa tatu wazazi walianza kuingia. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni, wengine wakacheka na kupigana picha. Ndolo, dereva wa lori la saruji, alilijaribu dawati moja, likalia, akaamua kuketi dirishani. Ndindi, mama yake Mutie, karani wa kampuni moja ya bima, alifungua daftari na kuandika tarehe kana kwamba yuko kikaoni. Kwenye safu ya nyuma waliketi Obura na mkewe Winny, wazazi wa msichana aitwaye Perez. Obura alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli, mtu wa mabega mapana, na alikuwa amekunja mikono kifuani tangu alipoingia. Wote kwa jumla walikuwa thelathini na wawili, na jua la Februari lilikuwa limeanza kuyachoma mabati.

Mwelu alisimama mbele.

"Karibuni wazazi," alisema, na hilo lilipita. "Mimi ni M..."

Midomo ikajifunga, ikakataa kufunguka. Alihisi shingo ikikaza na macho yakitaka kufumba. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine, kwa wema kabisa, akamsaidia, "Mwende?" Na mwingine, "Mwikali?" Kicheko kidogo kikapita kwenye madawati kama upepo unaotafuta mlango.

"Mwelu," alisema hatimaye.

Akaigeukia manila ya kwanza na kushika rula. Rula ilimsaidia, ilimpa mkono kazi. Akawaeleza kwa sentensi fupi fupi kwamba watoto wanatakiwa wawe wamefika saa mbili kasorobo. Wakifika hutundika mikoba, hunawa mikono, huketi mkekani. Halafu ni duara la asubuhi, kisha Kusoma, kisha Hisabati, kisha uji. Baada ya uji ni Mazingira, Dini au Sanaa kulingana na siku, na saa saba kasoro dakika ishirini wanafunga mikoba. Aliwaonyesha shajara, daftari dogo linalobeba ujumbe kati ya mwalimu na mzazi, na akawaomba walitie sahihi kila jioni. Palipokuwa na neno gumu alinyoosha rula kwenye karatasi, nao wakalisoma wenyewe.

Ndindi aliinua mkono. "Mwalimu, naomba niulize kuhusu hizi kazi za nyumbani. Wiki jana Mutie ameambiwa alete maganda ya mayai. Wiki iliyotangulia, majani ya aina tano. Mimi nafika nyumbani saa mbili usiku. Pale mtaani Pipeline tunakaa gorofa ya saba, jani pekee lililoko kwetu ni la sukuma wiki."

Wazazi wakacheka, safari hii kicheko cha kuungana naye. Mwelu naye akatabasamu.

"Sukuma wiki ni jani," alisema. "Alete hilo. Na lingine a... atalikuta hapa uwanjani, tutaokota pamoja. Sitaki mzazi aka... akanunue kitu. Mtoto alete kilichopo."

Ndindi aliandika jibu lile kwenye daftari na kulipigia mstari.

"Na mitihani?" aliuliza Ndolo kutoka dirishani. "Mimi niambie tu kijana wangu ni namba ngapi. Hayo maneno ya ripoti, 'anakaribia matarajio', yananichanganya. Anakaribia kwa miguu ama kwa gari?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwelu alifungua mdomo kueleza kwamba Gredi ya Pili haina namba, kwamba yeye humtazama kila mtoto anaweza nini leo ambacho jana hakukiweza. Lakini kicheko kilimkuta katikati ya pumzi, na neno "namba" likamnasa. Likatoka vipande vipande, "na-na-na", mpaka wazazi wakanyamaza kwa ile huruma inayouma kuliko matusi.

Hapo ndipo Obura aliposimama. Winny alimvuta shati, Obura hakuketi.

"Mimi ni Obura, baba yake Perez," alisema. "Nimefanya kazi ya chuma miaka kumi na minne, mwalimu, sijui kuzungukazunguka. Mtoto wangu aliingia darasa hili akiongea vizuri. Sasa ni wiki ya tatu, akitaka chai ni 'ch-ch-ch' mpaka chai inapoa. Nimekuwa nikijiuliza hii kitu ameitoa wapi. Leo nimesikia kwa masikio yangu. Mtoto ni kioo, huiga anachokiona. Sina ubaya na wewe. Lakini naomba Perez ahamishiwe darasa lingine. Jumatatu."

Mama mmoja kwenye safu ya mbele aliinama akajifanya kutafuta kitu mkobani. Wawili watatu wakatikisa vichwa kama watu waliosemewa jambo waliloogopa kulisema.

Kilichomuuma Mwelu zaidi ni kwamba alimjua Perez kuliko alivyowajua watoto wengi wa darasa lile. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo limeandikwa, kwenye daftari lake la bluu lililokuwa mezani. Angelifungua na kusoma, angemnyamazisha Obura mbele ya watu wote. Akanyoosha mkono mpaka kwenye jalada, kisha akaurudisha. Mambo ya Perez yalikuwa ya Perez. Hayakuwa ya watu thelathini na wawili.

"Ba..." alianza. "Ba... Baba Perez."

Akasita, akavuta pumzi kama alivyowafundisha watoto, polepole, tumbo likipanda.

"Kigugumizi hakiambukizi," alisema. "Cha P-Perez tutazungumza, mimi na wewe na mama yake, tukimaliza. Si hapa. Lakini si... sitaki muondoke hamjaona darasa hili linavyoanza siku. Naomba tusukume madawati ukutani."

Walitazamana. Ndolo ndiye aliyetangulia kuinuka. Pengine alikuwa amechoka kuketi dirishani. Madawati yakaburutwa kwa kelele, mkeka ukatandikwa, na wazazi wakasimama kwa duara, wanawake wakivua viatu kwa mazoea, wanaume wakisitasita kisha nao wakavua. Mwelu alichukua kutoka rafuni mpira wa matambara, ulioshonwa na mmoja wa watoto na bibi yake, akaonyesha manila ndogo iliyobandikwa juu ya ubao. Iliandikwa kwa herufi kubwa: Mwenye mpira ndiye anayesema. Hatucheki. Hatummalizii mtu neno lake, tunasubiri. Ukitaka kupitisha, pitisha.

"Kila asubuhi wa... watoto kumi wanasema. Jina lako, na jambo moja. Leo ninyi mseme mnachomtakia mtoto mwaka huu."

Akaimba wimbo mfupi wa kuanzia, ule anaouimba kila siku, na sauti yake ikatoka nyororo, haina kikwazo hata kimoja. Wazazi wakamwangalia upya. Baadhi walijua kiitikio, maana watoto walikuwa wamekileta nyumbani, wakaitikia wakiona haya.

Mpira ukaanza kwa Ndindi, aliyemtakia Mutie aache kuogopa kusoma kwa sauti. Ukapita kwa mama wa mbele, aliyemtakia binti yake afya ya kifua. Ukafika kwa Ndolo, akaurusha juu na kuudaka.

"Mimi Ndolo. Namtakia kijana wangu ajue hesabu asije akaibiwa kama babake." Alingoja wacheke. Hawakucheka, kwa sababu kanuni ilikuwa ukutani mbele ya macho yao. Ndolo akabaki na mpira mkononi, akiugeuzageuza. Mwelu aliona mwanamume mmoja akifungua mdomo ili amsaidie, akamwonyesha kidole cha subiri. Sekunde zikapita. Nje, mchuuzi wa mayai ya kuchemsha alipita akipaza sauti, akatokomea.

"Ukweli," Ndolo alisema, na sauti ilikuwa nyingine, "ni kwamba naondoka amelala, narudi amelala. Nataka anijue. Ni hilo tu." Akaupitisha mpira upesi, akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

Baada ya hapo watu hawakusema tena kwa mzaha. Mmoja mmoja walishika mpira ule na kila mmoja alipewa muda wake. Mwelu, ambaye maisha yake yote alidhani watu wenye ulimi mwepesi hawana shida, alishangaa kuona wangapi walihitaji kusubiriwa. Winny alisema anamtakia Perez awe na rafiki. Alisema kwa sauti ndogo na hakumtazama mumewe.

Obura alipoupokea mpira aliushika kwa mikono yote miwili kama kitu kizito. Alitazama chini. Walimsubiri. Walimsubiri sana, hata Ndindi akaacha kuandika. Mwishowe alitikisa kichwa, akampitishia aliye kando yake, na hakuna aliyemlaumu, maana kupitisha kuliruhusiwa.

Mpira ulimfikia Mwelu mwisho.

"Mimi ni M..." alisema, na midomo ikafunga kama kawaida yake. Akaiacha ifunge. Hakutafuta neno lingine, hakufumba macho. Watu thelathini na wawili walisimama miguu mitupu juu ya mkeka na hakuna aliyesema Mwende, hakuna aliyesema Mwikali. "Mwelu. Na ninawatakia wa... watoto wenu mwaka ambao hakuna atakayenyamaza kwa hofu."

Alimaliza maelezo yaliyobaki wakiwa bado wamesimama. Alieleza kwamba muhula wa pili watapanda mboga kwenye magunia nyuma ya darasa, kwamba muhula wa tatu kila mtoto atatengeneza kitabu chake cha kurasa nane, na kwamba kila Ijumaa anamhitaji mzazi mmoja aje dakika ishirini kuwaeleza watoto kazi yake. Ulimi ulikwama mara tano au sita. Safari hii hakuzihesabu.

Wengine walipoondoka, wakimpa mkono mmoja mmoja, Obura na Winny walibaki. Obura alikuwa akirudisha madawati mahali pake, moja kila mkono, bila kuombwa. Alipomaliza alisimama mbele ya meza.

"Haya, mwalimu. Nieleze."

Mwelu alifungua daftari la bluu kwenye ukurasa wa Perez akamgeuzia. "Mimi huandika habari za kila mtoto. Soma mwenyewe."

Obura alisoma huku kidole kikifuata mistari. Mwandiko ulikuwa wa kalamu ya bluu, mdogo na safi. Januari tarehe nane: Perez hajazungumza. Anatikisa kichwa. Tarehe tisa: hajazungumza. Tarehe kumi na nne: alitaka kwenda chooni, hakusema, akajikojolea. Nimemfulia sketi, hakuna aliyejua. Tarehe kumi na tano: amepitisha mpira. Tarehe kumi na sita: amepitisha mpira. Tarehe ishirini na moja: ameushika mpira muda mrefu kabla ya kuupitisha. Tarehe ishirini na tatu: Perez ameuliza kwa nini konokono hana miguu. Ilimchukua muda. Watoto walisubiri. Aliuliza mpaka mwisho.

Obura alirudi kwenye mstari wa tarehe kumi na nne akausoma tena.

"Nyumbani alikuwa akiongea," alisema.

"Alikuwa hasemi, Baba Perez," Winny alimwambia kwa upole. "Alisema 'eee'. Alisema 'sitaki'. Mwaka jana mzima, wewe ulimsikia akisimulia kitu? Mimi ndiye nilikuwa namsemea. Dukani mimi, kanisani mimi. Nilidhani ni aibu ya kitoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa ukifurahi kwamba una mtoto mtulivu."

Obura alivuta kiti cha mtoto akaketi, mtu mzima mwenye mwili ule juu ya kiti kile, akayafunika macho kwa kiganja. Mwelu alifunga dirisha moja, akalifungua tena.

"Nina ndugu yangu," Obura alisema. "Owiti. Ananifuata kwa kuzaliwa. Alikuwa na hii kitu, mbaya kuliko yako, usiudhike. Tulikuwa tukiishi mtaa wa Ziwani, baba akiwa mfanyakazi wa kaunsili ya jiji. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa akimsimamisha kila asubuhi asome mbele ili watu wacheke, na akishindwa anachapwa. Siku moja Owiti aliweka vitabu chini ya kitanda, akasema harudi. Hakurudi. Yuko Kisumu sasa, anafanya kazi ya kubeba mizigo, na akinipigia simu huwa hasemi. Anapiga tu, mimi naongea, yeye ananisikiliza, halafu anakata." Akatoa kiganja machoni. "Nilipomsikia Perez na ile 'ch-ch-ch', nilimwona Owiti. Nikawa kila akianza neno ninammalizia upesi, lisimtoke. Nikamkemea hata. Nikasema, ongea kama mtu."

Winny alimwekea mkono begani.

"Hukujua," alisema Mwelu.

"Ataacha? Kitamtoka?"

Lilikuwa swali ambalo Mwelu aliliuliza mwenyewe alipokuwa na umri wa Perez, na watu wazima walimjibu uongo mwingi. Walimwambia kitatoka akila ulimi wa mbuzi. Walimwambia kitatoka akikua.

"Sijui," alijibu. "Wengine ki... kinawatoka. Mimi hakijanitoka. Kuna wataalamu wa ma... matamshi kwenye hospitali kubwa, nitawaandikia barua, mumpeleke. Lakini atasema. Hilo najua. Akisubiriwa, atasema."

"Na mimi nyumbani nifanye nini?"

"Usimmalizie. Mtazame usoni kama humsubiri, kama u... unamsikiliza tu. Hata ikichukua muda."

"Hata chai ikipoa."

"Ipoe."

Obura alicheka kidogo, kicheko kikavu, akainuka. Mlangoni aligeuka. Alinyoosha mkono, akamshika Mwelu kwa nguvu za mtu wa chuma, akatoka. Winny ndiye aliyebaki nyuma hatua mbili.

"Abaki darasani kwako," alisema. "Hajasema yeye, lakini nimemjua miaka kumi. Amesema."

Jumapili Mwelu alilala mchana kutwa kama mtu aliyebeba magunia. Jumatatu akafika shuleni mapema, na moyoni bado alikuwa na wasiwasi. Mtu huweza kubadilisha nia kati ya Jumamosi na Jumatatu. Saa mbili kasorobo aliona watoto wakitundika mikoba. Saa mbili kasoro dakika kumi aliona mlangoni kofia ya karakana ya reli, na chini ya kofia Obura, amemshika Perez mkono. Obura hakuingia. Alimpungia mwalimu, akasema ataomba Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuja kueleza magurudumu ya treni, akaenda zake kazini mbio.

Perez hakuwa katika wale kumi wa duara siku ile. Alisoma kimya, akafanya hesabu, akakosea mbili. Mwelu hakumsikia mpaka saa ya uji, watoto walipopanga foleni uwanjani na vikombe vyao, naye akigawa kwa upawa. Mutie alikuwa mbele, Perez nyuma yake, na Perez alikuwa akimsimulia jambo.

"J-jana b-baba alikuwa anapika u... ugali," alisema. "Nikamwambia ha-hadithi ya ko... ya konokono. Akakaa chini. A-akanisikiliza. Akasahau. U-ugali ukaungua wote, ukawa mweusi, m-mama akafungua madirisha."

Mutie aliyafikiria hayo kwa makini ya mtu anayependa chakula. Foleni ilikuwa imesimama nyuma yao na hakuna aliyewasukuma.

"Sasa mkakula nini?"

Perez alifungua mdomo. Neno halikuja mara moja. Mutie alikinga kikombe chake, akapokea uji, akageuka tena kumtazama, akingoja ajue.

"N-n-ndizi," alisema Perez. "Tatu tatu." Naye akakinga chake.